Kutoka Kraków hadi Częstochowa: Miamba ya Chokaa na Magofu ya Ngome

Kusini mwa Polandi, kati ya miji ya Kraków na Częstochowa, kuna nyanda za juu za mawe ya chokaa ambazo wenyeji huziita kwa ufupi Jura. Kwa mstari ulionyooka miji hiyo miwili imetengana kwa takriban kilomita 100, lakini njia ya miguu inayoiunganisha, iitwayo Njia ya Viota vya Tai, ina urefu wa takriban kilomita 164, na ile ya baiskeli hukaribia kilomita 190, kwa sababu zote mbili hupinda makusudi ili zipite penye kila genge na kila gofu linalostahili kuonwa. Vilima vyenyewe si virefu. Kilele cha juu kabisa, kilichopo Podzamcze penye gofu la Ogrodzieniec, kinazidi kidogo tu mita 500 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyekua akiitazama Milima ya Usambara anaweza kuvidharau akiviona kwa mbali. Akivikaribia ataona kuta nyeupe za mwamba zikichomoza ghafla katikati ya mashamba, na juu ya kuta hizo minara ya mawe yale yale, hata asijue mara moja mwamba umeishia wapi na ujenzi umeanzia wapi.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga ninayeishi Kraków, na chokaa si jiwe geni kwangu. Mapango ya Amboni, ambayo kila mtoto wa Tanga hupelekwa kuyaona angalau mara moja akiwa shuleni, yamechongwa na maji ndani ya chokaa ya zama za Jurasiki, yaani zama zile zile zilizozaa miamba ya huku. Labda ndiyo sababu nilivutwa na vilima hivi mapema kuliko nilivyovutwa na milima mirefu ya Tatra iliyo kusini zaidi, ambayo wageni wengi huikimbilia kwanza. Nimevizunguka kwa misimu kadhaa, mara kwa miguu, mara kwa baiskeli, na jambo moja limenithibitikia: magofu ya Jura hayaeleweki yakitazamwa kama majengo peke yake. Ni lazima kwanza uuelewe mwamba ulioyabeba, na mwamba haueleweki kwa mtu anayeteremka kwenye basi, akapiga picha na kuondoka. Huuelewa anayeupandia, anayeuzunguka, na anayehisi miguuni au kwenye magurudumu mahali ambapo chokaa imeishia na mchanga umeanza.

Basi nianze na mwamba. Takriban miaka milioni 160 iliyopita eneo hili lote lilikuwa bahari ya maji ya vuguvugu. Kwenye sakafu ya bahari hiyo waliishi sifongo kwa wingi, na pamoja nao viumbe wadogo mno wasioonekana kwa macho, waliokuwa wakinasa chembe za chokaa na kuzigandisha. Vizazi juu ya vizazi vya viumbe hao vilijenga marundo makubwa na magumu yasiyo na matabaka. Katika sehemu za chini zilizokuwa kati ya marundo, tope la chokaa lilitua polepole likageuka kuwa mawe ya matabaka membamba, ambayo hupasuka kwa urahisi. Bahari ilipoondoka na ardhi ikainuka, mvua, joto na baridi vilikula kwanza yale mawe ya matabaka, na marundo ya sifongo yakabaki yamesimama. Ndiyo maana miamba ya Jura haikujipanga kama safu ya milima. Huibuka mmoja mmoja au kwa vikundi, huku katikati ya shamba la shayiri, kule nyuma ya ua wa nyumba ya mkulima, kwingine ndani kabisa ya msitu. Ukisogeza uso karibu na ukuta wa mwamba, hasa pale mvua ilipousafisha, mara nyingi utaona mistari na duara za sifongo wenyewe, na ukibahatika utaona amonaiti, mnyama wa baharini aliyekuwa na kombe lililojiviringisha. Katika hifadhi si ruhusa kuvichukua visukuku hivi, na ni haki iwe hivyo.

Chokaa haishiki maji. Mvua inayonyesha juu ya vilima hivi huzama kwenye nyufa kabla haijapata nafasi ya kuwa kijito, kwa hiyo unaweza kutembea nusu siku pasipo kukuta hata mfereji wenye maji, ilhali majani ni mabichi na misitu imestawi pande zote. Maji hayo huibuka kwingine, kwa nguvu na kwa ubaridi, kwenye chemchemi zilizo chini ya vilima. Mto Warta, mmojawapo wa mito mirefu ya nchi hii, huanza hivyo Kromołów, kitongoji cha mji wa Zawiercie. Kwa msafiri maana yake ni nyepesi: chukua maji ya kutosha kutoka kijijini, usitegemee kuyakuta mlimani. Kwa waliojenga ngome maana yake ilikuwa nzito zaidi. Mahali palipokuwa salama kabisa dhidi ya adui, yaani juu ya mwamba, ndipo palipokuwa pakavu kuliko pote, na ngome isiyo na maji huanguka hata bila kurushiwa jiwe moja. Walichimba visima ndani ya mwamba au walikinga mvua kwenye mabirika. Kila nifikapo kwenye gofu, kabla ya mnara, mimi hutafuta kwanza kisima.

Kwa nini watu walijisumbua kujenga hapo? Katika karne ya 14 maeneo ya Silesia, yaliyo magharibi mwa vilima hivi, yalikwisha kuingia chini ya taji la Bohemia, nchi inayolingana na Ucheki wa leo, na mpaka wa ufalme wa Polandi ukawa umesogea karibu sana na Kraków, mji mkuu wa wakati ule. Mfalme Kazimierz Mkuu, aliyetawala kuanzia mwaka 1333 hadi 1370, aliujibu mpaka huo kwa mawe. Alijenga na kuimarisha ngome juu ya magenge haya, na mabwana wakubwa wa nchi nao wakajenga zao, mpaka ukapatikana mfululizo wa vituo vya ulinzi kutoka Kraków kuelekea kaskazini. Wapolandi hadi leo husema kwamba mfalme huyo aliikuta nchi ya mbao akaiacha ya mawe. Ukiyatazama mandhari kutoka juu ya mojawapo ya ngome hizi, hesabu yake inaonekana wazi. Nyanda za Jura zimeinamia mashariki polepole, lakini upande wa magharibi hukatika kwa ukingo mkali, kwa hiyo mlinzi aliyesimama juu ya mwamba aliona mbali sana upande ule ule ambao hatari ingetokea. Mawe ya kujengea yalikuwa chini ya miguu yake, na chokaa ya kuunganishia ilipatikana kwa kuyachoma mawe hayo hayo. Sisi watu wa pwani, ambao wazee wetu walichoma matumbawe ili wapate chokaa ya kujengea misikiti na nyumba, tunaifahamu kazi hiyo vizuri.

Nashauri safari ianzie kusini. Ukitoka Kraków, baada ya vijiji vya pembezoni, njia huteremka katika bonde la mto Prądnik na kuingia katika Hifadhi ya Taifa ya Ojców, iliyoanzishwa mwaka 1956. Ndiyo ndogo kuliko hifadhi zote za taifa za Polandi, ina kilomita za mraba 21 na kidogo, lakini mapango yake ni mamia. Katika pango la Ciemna watafiti walipata mifupa miwili midogo ya kidole cha mtoto wa Wanandertali, jamii ya binadamu wa kale waliokwisha kutoweka, aliyeishi takriban miaka 115,000 iliyopita, na matokeo yao yalitangazwa mwaka 2018. Watu wa kale hawakufuata pango tu. Ndani ya chokaa hii mna vipande vya gumegume, jiwe walilolihitaji kwa visu na mikuki. Pango jingine, ambalo ndilo hupokea wageni wengi, lina jina la mfalme Władysław Łokietek, baba yake Kazimierz. Husimuliwa kwamba alijificha humo akiwakimbia askari wa mfalme wa Bohemia, na kwamba buibui aliufunga mlango kwa utando wake hata waliomfukuza wakaamini kwamba hapana mtu aliyeingia. Mlango wa pango leo una lango la chuma lililofuliwa kwa umbo la utando wa buibui. Msomaji aliyefundishwa madrasa kisa cha Mtume na Abubakar katika pango la Thaur atasimama mbele ya lango hilo kwa hisia za pekee, kama nilivyosimama mimi. Chukua sweta hata kama ni Julai, kwa kuwa ndani ya pango joto hubaki nyuzi saba au nane tu.

Ngome ya Ojców imebaki na lango na mnara wenye pembe nane, si zaidi sana. Chini yake, juu ya kijito chenyewe, kuna kanisa dogo la mbao lililojengwa mwaka 1901, wakati sehemu hii ya Polandi ilipokuwa chini ya Urusi. Wenyeji husema lilisimamishwa juu ya maji kwa sababu utawala wa Tsar ulikuwa umekataza majengo ya ibada kwenye ardhi ya Ojców. Kilomita chache mbele bondeni inatokea Pieskowa Skała, ngome pekee katika njia hii ambayo haikuwa gofu. Ina ua wenye safu za matao ya karne ya 16 na sasa ni tawi la makumbusho ya Wawel, kasri la wafalme lililopo Kraków. Karibu yake unasimama mwamba mmoja mwembamba wa takriban mita 25, mnene kichwani na mwembamba shingoni, unaoitwa Rungu la Hercules. Bonde hili husongamana watu siku za Jumapili, na baiskeli zinaruhusiwa kwenye njia zilizotengwa tu. Anayetaka kulifurahia aje siku ya kazi, asubuhi.

Baada ya hapo njia hupanda kuelekea Olkusz na gofu la Rabsztyn, kisha mandhari hubadilika kwa namna isiyotarajiwa. Karibu na kijiji cha Klucze kuna jangwa. Si msemo: ni eneo la mchanga mtupu la zaidi ya kilomita za mraba 30, linaloitwa Jangwa la Błędów. Mchanga huo uliletwa na maji ya barafu kubwa ya kale iliyoyeyuka, ukafunikwa na msitu, na ungebaki umefunikwa kama si migodi ya fedha na risasi ya Olkusz. Tangu Zama za Kati watu wa migodi walikata miti kwa ajili ya tanuri na kwa ajili ya kuegemeza mashimo, huku mifereji ya kukausha migodi ikishusha maji ya ardhini, mpaka msitu ukashindwa kurudi. Leo ni kinyume: miti iliyopandwa katika karne ya 20 ili kuuzuia mchanga imeanza kulimeza jangwa, na sehemu yake imelazimika kung'olewa ili mimea na wadudu wa mchangani wasipotee. Simama juu ya kilima cha Czubatka, pale Klucze, ndipo utakapoliona lote. Sehemu ya kaskazini hutumiwa na jeshi kwa mazoezi, na mabango yaliyowekwa yafuatwe bila kujaribu njia za mkato.

Mchanga huo ndio unaotofautisha safari ya miguu na ya baiskeli. Ramani huonyesha njia nzuri ya msituni kati ya misonobari, lakini ardhini kuna mchanga mzito unaonasa gurudumu la mbele na kumlazimu mwendeshaji kushuka na kusukuma. Hali hiyo hurudi mara kadhaa kuelekea kaskazini, na pengine kwa masafa marefu. Baiskeli ya barabarani yenye matairi membamba haifai hapa kabisa. Chukua yenye matairi mapana, punguza upepo kidogo unapoingia mchangani, chagua gia nyepesi kabla hujakwama, usiikamate mno mikono ya usukani, na beba tyubu ya akiba pamoja na pampu, maana duka la baiskeli ni nadra vijijini. Kwenye chokaa tupu hatari ni nyingine. Mwamba uliosuguliwa na nyayo za watu wengi hung'aa, na ukilowa unateleza vibaya sana, hasa wakati wa vuli ambapo majani yaliyoanguka hufunika mizizi. Mtembea kwa miguu hana taabu hizo zote, ila hutumia siku nzima kwa safari ambayo mwenye baiskeli huimaliza kabla ya saa sita mchana. Mimi napenda kuigawa: sehemu zenye umbali mrefu kati ya ngome moja na nyingine, baiskeli, sehemu ambazo miamba imesongamana, miguu.

Smoleń ni mfano wa mahali pa miguu. Gofu lake limefichwa na msitu, mnara wake wa duara umepanda juu ya genge jembamba kiasi cha kumshangaza mtu namna mafundi walivyopata pa kusimama, na mahali pa kisima bado panaonekana uani. Bonde lililo mbele yake lina miamba na mapango mengi, likiwemo pango la Biśnik, ambalo lina mabaki ya kazi za mikono ya Wanandertali. Watu ni wachache. Kama ningeruhusiwa kuonyesha gofu moja tu kwa mgeni mwenye subira, ningechagua hili.

Mgeni asiye na subira ningempeleka Ogrodzieniec, na hatalalamika. Ni gofu kubwa kuliko yote ya Jura, limekaa juu ya kilele chenyewe, na kuta zake zimesukwa na miamba ya asili: pale palipokuwa na genge, wajenzi hawakujenga, na palipokuwa na pengo, waliliziba kwa ukuta. Ngome ya kwanza ya mawe ilikuwa ya karne ya 14. Mwaka 1523 ilinunuliwa na ukoo wa Boner, matajiri wa Kraków waliokuwa watu wa fedha wa mfalme na wasimamizi wa migodi ya chumvi, na kati ya mwaka 1530 na 1545 Seweryn Boner aliigeuza kuwa kasri la fahari lililolinganishwa na la mfalme mwenyewe. Lakini mizinga ilikuwa imekwisha kubadili vita. Waswidi walipoivamia Polandi mwaka 1655 waliiharibu, na walipokuja tena mwaka 1702 waliichoma moto. Kasri likaendelea kukaliwa na watu wachache katika vyumba vilivyosalia mpaka mnamo mwaka 1810, kisha likaachwa, na wanakijiji wakaanza kubeba mawe yake kwa ajili ya nyumba zao. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kati ya mwaka 1949 na 1973, kuta ziliimarishwa kwa uangalifu na gofu likafunguliwa likiwa gofu, na nadhani huo ndio uamuzi bora uliowahi kufanywa katika vilima hivi. Unapita ngazi, unachungulia madirisha yasiyo na chumba nyuma yake, unaona mabomba ya moshi yakipanda ukutani bila sakafu ya kuyafikia, na akili yako ndiyo inayoijenga nyumba upya. Chini ya lango kuna vibanda na vivutio vya watoto ambavyo mimi ningependa visogezwe mbali. Hata hivyo familia zinazokuja kwa ajili yavyo huishia kupanda juu, kwa hiyo sitalishikilia neno hilo.

Kaskazini mwa Ogrodzieniec miamba husongamana kuliko sehemu yoyote nyingine. Okiennik, karibu na Skarżyce, ni ukuta wa chokaa uliotobolewa tundu kubwa ambalo mbingu huonekana kupitia ndani yake. Góra Zborów, penye kijiji cha Podlesice, ni hifadhi na ni shule ya zamani ya wapanda miamba; mwishoni mwa juma huwaona wakining'inia kwenye kamba kila upande, wazee kwa vijana, na wanastahili kupewa nafasi kwa kutosimama juu ya genge walilofungia kamba zao. Hapa pia unafahamika mgogoro ambao mgeni hautambui upesi. Picha za zamani zinaonyesha vilima hivi vikiwa vitupu na vyeupe, kwa sababu mbuzi na kondoo walilishwa humo kila siku. Ufugaji ulipokoma, vichaka vikapanda, kisha msitu, na mimea midogo inayohitaji jua kali na jiwe la moto ikaanza kufa kivulini. Katika miaka ya karibuni miti imekatwa sehemu kadhaa na kondoo wamerudishwa kulisha. Kuna watu wanaochukizwa kuona miti inakatwa ndani ya hifadhi, na naielewa hasira yao, lakini nikisimama mbele ya mwamba uliofunguliwa upya, uliojaa vipepeo na maua mafupi, naona waliofanya kazi ile walikuwa na haki.

Kisha huja Bobolice na Mirów, ngome mbili zilizotengana kwa takriban kilomita moja na nusu tu, zikiunganishwa na ukingo mrefu wa miamba ambao kuutembea ni furaha kubwa kuliko zote nilizozipata katika njia hii. Hadithi husema zilikuwa za ndugu wawili waliopendana, waliochimba njia ya chini kwa chini ili wagawane hazina, mpaka walipopenda mwanamke mmoja na undugu ukafa. Ngome ya Bobolice ilikuwa ya mfalme. Mirów ilianza kama kituo chake cha ulinzi, baadaye ikawa makao ya mabwana. Zote mbili zilikwisha kuwa magofu. Lakini kati ya mwaka 1999 na 2011 ukoo unaoimiliki Bobolice uliijenga upya, ikapauliwa, ikatiwa madirisha na daraja, na leo inang'aa juu ya genge lake kana kwamba haijapata kuona vita.

Wataalamu wa urithi walibishana sana kuhusu kazi hiyo, na mimi nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu kila nipitapo. Wanaoitetea wana hoja: kuta zilizokuwa zikidondoka zimeokolewa, kijiji kimepata wageni na kazi, na mtoto anayeingia pale anapata picha ya ngome nzima ambayo gofu haliwezi kumpa. Hoja ya upande wa pili kwangu ni nzito zaidi. Hakuna michoro ya kale inayoonyesha kwa hakika ghorofa za juu zilikuwaje, kwa hiyo sehemu kubwa ya kinachoonekana ni makisio ya wajenzi wa zama zetu, na mgeni hawezi kutenganisha jiwe la karne ya 14 na la karne ya 21. Kule kwetu Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, msikiti wa kale hauna paa na baadhi ya nguzo za makaburi zimeanguka, na sijawahi kutamani mtu aje kuusimamisha upya kwa kubahatisha. Ninachotamani ni bahari isiumeze, mizizi isiupasue, na vibao vya maelezo viandikwe vizuri. Vivyo hivyo naipenda Mirów kuliko jirani yake. Kuta zake zimeimarishwa zisianguke, zimeachwa na nyufa zake, na jiwe lake limekuwa rangi moja na mwamba unaolibeba.

Kutoka Mirów njia huingia msituni. Ostrężnik ni gofu ambalo limebaki na mistari ya kuta tu juu ya pango, na hakuna maandishi ya kale yanayolitaja, kwa hiyo kila anayelieleza hukisia. Złoty Potok ni mahali pa kupumzikia. Chemchemi zake mbili, zinazoitwa Zygmunt na Elżbieta kwa majina ya watoto wa mshairi Zygmunt Krasiński, hutoa maji yanayoonekana yakisukuma mchanga kutoka chini, na karibu yake kuna mabwawa ambamo samaki aina ya trauti wamefugwa tangu karne ya 19. Huuzwa wakiwa wamekaushwa kwa moshi wa kuni, na kwa msafiri asiyekula nguruwe, ambaye kwenye mikahawa ya vijijini mara nyingi huambulia viazi na supu nyekundu ya bitiruti, samaki huyo ni neema kubwa.

Ngome ya mwisho ni Olsztyn, na ndiyo inayoonekana kutoka mbali kuliko zote, kwa kuwa kilima chake ni kitupu na mnara wake wa duara una urefu wa takriban mita 35. Katika mnara huo, kwa amri ya Kazimierz Mkuu, alifungwa Maćko Borkowic, bwana mkubwa aliyemwasi mfalme, akaachwa afe kwa njaa. Mwaka 1587 ngome ilizingirwa na jeshi la Maximilian wa ukoo wa Habsburg, aliyekuwa akidai kiti cha ufalme. Mkuu wa ngome alikuwa Kasper Karliński, na yasimuliwa kwamba wavamizi walimteka mwanawe mchanga, wakamtanguliza mbele yao ili baba ashindwe kufyatua mizinga, naye akafyatua. Olsztyn haikuanguka siku hiyo. Ilianguka kwa Waswidi katika karne iliyofuata, na katika karne ya 18 mawe yake yalitumika kujenga kanisa la kijiji, lililopo hadi leo chini ya kilima. Nawasihi wanaofika hapa waende pia kwenye kanisa hilo, wazitazame kuta zake kwa nje, kwa kuwa sehemu ya ngome wanayoitafuta juu iko pale.

Maneno machache ya kufaa safari. Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi mizuri. Julai na Agosti kuna joto, ngurumo za jioni na watu wengi, na kuelekea tarehe 15 Agosti makundi makubwa ya mahujaji wa Kikatoliki huvuka vilima hivi kwa miguu kwenda kwenye monasteri ya Jasna Góra huko Częstochowa, hivyo malazi hujaa. Njia ya miguu ina alama ya mstari mwekundu kati ya mistari miwili myeupe, iliyopakwa kwenye miti na mawe. Ukitembea robo saa bila kuiona, rudi ulikoiona mara ya mwisho. Kupe wa nyasini ni wengi kuanzia masika hadi vuli, na baadhi yao huambukiza ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo vaa suruali ndefu na jikague mwili mzima kila jioni, hasa nyuma ya magoti na kwapani. Ukimwona mmoja, mng'oe kwa kibano siku hiyo hiyo, na alama nyekundu ikitanuka mahali pale katika wiki zinazofuata, nenda kwa daktari.

Asiye na muda wa njia nzima ashuke kwenye stesheni ya Zawiercie, iliyo karibu na Ogrodzieniec, Góra Zborów, Bobolice na Mirów zote, afanye duara la siku mbili kwa baiskeli na kurudi kwenye stesheni hiyo hiyo. Anayekwenda mpaka mwisho atapata treni za kutosha kutoka Częstochowa kurudi kusini. Baiskeli hukatiwa tiketi yake, na nafasi zake ndani ya mabehewa ni chache, kwa hiyo kwa safari ya Jumapili jioni ni afadhali tiketi hiyo ikatwe mapema.